Bega Lisilopona: Habari za Kifua Kikuu cha Kiungo cha Bega

(Haya ni maneno aliyoyasema karani mmoja wa kata mbele ya mkutano wa wazee, walimu na wanakijiji. Yameandikwa hapa ili na wale wasiohudhuria wapate kuyasoma, na kuwasomea wasiojua kusoma.)



Mimi si mganga. Kazi yangu ni kalamu. Mtu mwenye shauri la shamba huja kwangu nikamwandikia; mwenye mtoto wa kupelekwa shule huja; na mgonjwa asiyejua kujieleza mbele ya wageni huja pia, nikampa barua ya kuchukua zahanati. Basi mtu akiuliza, "Karani huyu ana nini cha kutuambia katika habari za magonjwa?" jawabu langu ni hili: nimekuja kukiri kosa la kalamu yangu, na kuwaeleza ugonjwa ambao kosa lile liliusaidia kujificha. Hayo nitakayosema juu ya ugonjwa wenyewe si ya kichwa changu. Nimeyapata kwa waganga wenye elimu na katika vitabu vyao.

Ugonjwa huo ni kifua kikuu. Lakini leo sitasema sana habari za kifua, maana hizo mmezisikia mara nyingi. Nitasema habari za bega.

Kaka yangu mkubwa ni mkulima, naye ndiye aliyenipa ruhusa ya kusema haya. Mwaka mmoja, wakati wa kuvuna mahindi, alibeba magunia siku tatu mfululizo kutoka shambani hata barabarani. Baada ya mavuno bega lake la kuume likaanza kumwuma. Hakuna aliyestaajabu. Mtu aliyebeba magunia akiumwa bega, nani atauliza sababu? Akapakwa mafuta, akakandwa kwa maji ya moto, akaambiwa apumzike. Maumivu yakapungua kidogo, kisha yakarudi. Mwezi wa pili akashindwa kuvaa shati bila kusaidiwa. Mwezi wa nne akashindwa kuchana nywele zake. Ndipo mkewe akaniambia, "Shemeji, tazama shati la kaka yako linavyoanguka upande mmoja. Nyama za bega zimekwenda wapi?"

Nikatazama, nikaona ni kweli. Bega la kushoto lilikuwa la mviringo kama siku zote. La kuume limechongoka, mfupa waonekana chini ya ngozi. Wala hapakuwa na uvimbe, wala jipu, wala joto la kusikika kwa mkono. Kwa hiyo tukajituliza tukasema, "Mkono usiofanya kazi hukonda," tukaliacha neno hilo.

Kaka aliponiomba barua ya kwenda zahanati, nikaandika kwa mwandiko mzuri: "Mwenye barua hii ameteguka bega kwa kubeba mzigo mzito. Tafadhali apewe dawa." Aliyeipokea akaisoma, akampa vidonge vya kutuliza maumivu. Je, alikosa? Alipewa sababu iliyokwisha kuandikwa na karani, naye akaiamini. Mara ya pili kaka akaenda kwa mwunga mifupa, akavutwa mkono mpaka akalia, mtu mzima. Mara ya tatu akaenda kwa mtu mwenye kuuza dawa, akachomwa sindano ndani ya kiungo chenyewe. Baada ya sindano ile akapata nafuu siku kumi, tukafurahi sana. Khalafu maumivu yakarudi makali kuliko kwanza, hata akawa halali usiku. Hivyo ikapita miezi kumi na minne.

Mwishoni nikampeleka mwenyewe kituo cha afya cha mbali, nikiwa na barua nyingine mfukoni, ya maneno yale yale. Tukapokewa na mama mmoja mwuguzi, mtu mzima. Akaichukua barua, akaiweka chini ya daftari lake bila kuifungua, akasema, "Baba, barua nitaisoma baadaye. Kwanza nisimulie wewe mwenyewe. Laanza lini?"

Kaka akasimulia. Yule mama akauliza, "Usiku watoka jasho?" Kaka akajibu, "Naam, hata shuka yalowa, lakini nilidhani ni joto la nyumba." Akauliza tena, "Na mkanda wako, mwaka jana waufunga tundu la ngapi?" Kaka akautazama mkanda wake. Alikuwa ameutoboa tundu jipya kwa msumari, wala hakupata kufikiri kwa nini. Kisha akauliza, "Nyumbani mwenu yuko aliyekohoa siku nyingi?" Kaka akanyamaza kidogo, akasema, "Mama yetu mdogo alikaa kwangu. Aliugua kifua kikuu, tukamzika, sasa ni mwaka wa nne."

Ndugu zangu, habari ile ya mama mdogo mimi niliijua kama kaka alivyoijua. Barua za msiba niliandika mimi. Lakini katika barua ya bega sikuitia, kwa sababu sikuona kuwa kikohozi cha mtu mmoja chaweza kuwa na jamaa na bega la mtu mwingine. Basi nataka leo niwaonyeshe jamaa hiyo, ili asiwepo tena mtu wa kupoteza miezi kumi na minne kama tulivyoipoteza sisi.

Kifua kikuu huletwa na kijidudu kidogo sana, kisichoonekana kwa macho matupu. Aliyekitambulisha kwa ulimwengu ni mganga Mjerumani, Robert Koch, mjini Berlin, tarehe 24 Machi 1882. Mgonjwa wa mapafu akikohoa au kupiga chafya, vijidudu hutoka hewani, na mwenziwe akaaye naye nyumba moja huvivuta. Mara nyingi mwili huvishinda nguvu, ukavifunga kama wezi walio kizuizini. Hawafi, ila hawatembei. Shirika la Afya la Ulimwengu lasema kwamba yapata robo ya watu wote duniani wanavyo vijidudu hivi mwilini. Na katika hao, ni watu 5 mpaka 10 tu katika kila 100 watakaougua maishani mwao. Lakini mwili ukidhoofika kwa njaa, kwa uzee, kwa kisukari, kwa ulevi, au zaidi ya yote kwa virusi vya UKIMWI, wafungwa wale huvunja kizuizi, pengine baada ya miaka mingi.

Na tangu siku za kwanza, vijidudu vingine huwa vimekwisha kuingia katika damu. Damu hupita kila mahali, kwa hiyo navyo huchukuliwa kila mahali: katika tezi, figo, utando wa ubongo, mifupa na viungo. Ndiyo sababu mtu aweza kuwa na kifua kikuu asikohoe hata siku moja. Jina la ugonjwa latudanganya, maana latutia kutazama kifua peke yake.

Katika mifupa, kijidudu hiki hupenda zaidi uti wa mgongo; nusu hivi ya wagonjwa wa mifupa huumwa huko. Baada ya uti wa mgongo hufuata nyonga na goti. Bega hupatwa mara chache. Na kwa sababu hupatwa mara chache, hata mganga mwenye kazi nyingi aweza kulisahau. Mwizi ajae mara moja katika miaka kumi hamkuti mlinzi macho.

Ama kwa habari ya kiungo chenyewe, tazameni mkono wa mtu. Mfupa wa juu wa mkono una kichwa cha mviringo kama mpira, nacho hukaa katika kikombe kidogo, chepesi, kilicho pembeni mwa kombe la bega. Kwa kuwa kikombe ni chepesi, mkono waweza kuzunguka pande zote, kupita kiungo chochote kingine cha mwili. Kichwa na kikombe vimevikwa gegedu laini, ili visisuguane; na kiungo chote kimezungukwa na utando utoao maji ya kulainisha, kama mafuta katika ekseli ya gurudumu. Kijidudu kikifika, hukaa katika utando huo au katika mfupa ulio karibu. Utando huvimba na kuwa mnene, gegedu huliwa kutoka pembeni, kisha mfupa huchimbwa vijishimo. Kiungo hukaza kidogo kidogo, na minofu ya bega hunyauka.

Ugonjwa huu wa bega una sura mbili. Sura ya kwanza ni ya majimaji: pana uvimbe, na usaha waweza kukusanyika, ukashuka kwapani au upande wa mbele wa mkono, hata ukatoboka na kuwa kidonda kisichofunga. Jipu la namna hii huitwa jipu baridi, kwa maana haliwaki moto kama jipu la siku zote, wala ngozi yake haiwi nyekundu mapema. Sura hii huonekana zaidi kwa watoto. Sura ya pili ni kavu: hapana usaha, hapana uvimbe, ila bega lakaza, lakonda na kuuma. Hii huonekana zaidi kwa watu wazima, na ndiyo iliyompata kaka yangu. Mganga Mjerumani Richard von Volkmann, aliyeishi tangu 1830 hata 1889, aliieleza zamani, kabla hakijajulikana kijidudu wala picha za mifupa hazijapatikana. Sura kavu ndiyo yenye hila, maana sisi tumezoea kuogopa kilichovimba, kilichokauka hatukiogopi.

Msinisikie vibaya. Si kila bega linaloumwa ni kifua kikuu. Mengi zaidi ni ya kuteguka, au ya kazi, au ya uzee, nayo hupona. Uko pia ugonjwa mwingine wa bega kukaza, uwapatao zaidi watu wazima, hasa wenye kisukari. Nao hufanana sana na huu, maana mkono hauinuki wala haugeuki nje. Hata waganga hudhani moja kuwa jingine. Lakini dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu ya ugonjwa huu yaweza kuhesabiwa. Bega limeuma kwa majuma mengi, na badala ya kupoa lazidi polepole. Maumivu humwamsha mtu usiku. Mkono hauinuki kando, na mtu hawezi kuchana nywele wala kujifunga nguo mgongoni. Nyama za bega zapungua. Mwili mzima wakonda, chakula hakitamaniki, homa ndogo huja jioni, na jasho la usiku. Au nyumbani yuko, au alikuwako, mtu wa kifua kikuu. Lakini yafaa mjue pia ya kuwa wako wagonjwa wasio na homa wala jasho, wenye bega tu. Basi bega lisilopona, ijapokuwa dalili nyingine hazipo, lichunguzwe.

Je, huchunguzwaje? Kwanza ni picha ya eksirei, kazi iliyotokana na Wilhelm Röntgen, Mjerumani, aliyegundua mwali huo mwaka 1895. Picha huonyesha mfupa uliopungukiwa nguvu, kingo zilizoliwa, na nafasi ya kiungo inayozibika. Lakini katika miezi ya kwanza picha yaweza kuonekana safi, kwa hiyo mgonjwa asidhani ya kuwa picha safi mara moja ni ushahidi wa mwisho. Kifua nacho hupigwa picha, na makohozi hupimwa kama yapo. Bali makohozi yakiwa safi, bega halijaachiliwa bado. Ushahidi wa nguvu hupatikana mahali penyewe: mganga huvuta maji ya kiungo kwa sindano, au hukata kipande kidogo cha utando, kikapelekwa maabara. Huko hutazamwa kwa hadubini, huoteshwa kwa majuma kadhaa, au hutiwa katika mashine kama ile iitwayo GeneXpert, itoayo jawabu kwa muda wa saa 2 hivi, na kueleza kama kijidudu kimezoea dawa ya rifampisini. Na kila mgonjwa wa kifua kikuu hushauriwa kupima virusi vya UKIMWI, si kwa kumwaibisha, ila kwa sababu maradhi hayo mawili husaidiana kumwangusha mtu, na yakijulikana yote mawili hutibiwa yote mawili.

Sasa nifike katika dawa. Zamani dawa haikuwako. Mganga Auguste Rollier, tangu mwaka 1903, aliwalaza wagonjwa wa mifupa na viungo juani katika milima ya Leysin, nchi ya Uswisi, miezi na miaka. Na kwingine viungo vilifungwa katika plasta ngumu, mtu akangoja. Hapa kwetu, hospitali ya Kibong'oto, upande wa Kilimanjaro, ilianzwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, katika siku hizo ambazo hewa safi, chakula na kupumzika vilikuwa ndiyo matibabu. Dawa ya streptomaisini ilipatikana mwaka 1943, na isoniazidi ikaanza kutumiwa kwa ugonjwa huu mwaka 1952, na rifampisini ikafuata katika miaka ya 1960.

Na hapa yako jambo ambalo walimu wangefaa kuwafundisha watoto, maana ni heshima yetu. Hapo kwanza matibabu ya mapafu yalichukua mwaka mmoja na nusu au zaidi, na wengi walichoka njiani. Katika miaka ya 1970 wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walikubali kujaribiwa matibabu mafupi, katika kazi iliyofanywa na waganga wa Afrika ya Mashariki pamoja na wa Uingereza. Habari zake za kwanza zilichapishwa mwaka 1972, zikaonyesha ya kuwa miezi 6 ya dawa zilizochanganywa vema yaweza kutosha. Wagonjwa wa nchi nyingi za mbali wamefaidiwa na kazi ile ya watu wa kwetu.

Kwa mifupa na viungo, muda huwa mrefu kuliko wa mapafu. Mara nyingi mgonjwa hunywa dawa 4 kwa miezi 2, ndizo rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Kisha hubakiwa na rifampisini na isoniazidi, mpaka itimie jumla ya miezi 9 au 12, kama mganga atakavyoamua. Katika hospitali zetu za serikali dawa hizi hutolewa bure. Mkono hutulizwa kwa kitambaa shingoni siku za maumivu makali, khalafu huanza kuzoezwa polepole, ili kiungo kisigande. Kisu hakihitajiwi kwa wengi. Hutumika kutoa usaha mwingi, au kipande cha kupima, au pale ambapo kiungo kimekwisha kuharibika.

Yampasa mgonjwa ajue mapema mambo haya, asije akaogopa au akapuuza. Rifampisini hugeuza mkojo kuwa mwekundu kama chai ya rangi. Hilo si damu, wala si hatari. Lakini macho yakiwa ya manjano, au akitapika mfululizo, au kuona kukififia, au miguu ikichomachoma na kufa ganzi, na arudi kwa mganga upesi, siku ile ile. Wala asikatize dawa kwa shauri la jirani.

Neno zito ni hili la kukatiza. Mwezi wa pili au wa tatu maumivu hupoa, hamu ya chakula hurudi, na mtu hujiona mzima. Ndipo shetani wa uvivu humnong'oneza, "Vidonge vya nini tena?" Akiacha, vijidudu vilivyosalia, navyo ni vile vyenye nguvu, huzaana upya, na pengine dawa ile ile haiviwezi tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa kifua kikuu kilichozoea dawa ni mrefu, na wenye gharama na taabu nyingi.

Nasema pia juu ya makosa yetu matatu, maana tuliyafanya yote. La kwanza ni kuvuta na kukunja kiungo kigonjwa kwa nguvu. Mfupa ulioliwa hauna uwezo wa kustahimili, waweza kuvunjika. La pili ni kuchanja na kuumika juu ya uvimbe usiojulikana. Jipu baridi likifunguliwa ovyo huwa kidonda cha miezi. La tatu ni sindano ya kutuliza uvimbe ndani ya kiungo kabla hakijajulikana kina nini. Sindano ile yaweza kufaa katika magonjwa mengine, lakini kazi yake ni kuwalaza askari wa mwili. Askari wakilala, adui hula mfupa kwa raha. Zile siku kumi za furaha yetu zilikuwa siku za karamu yake.

Ama kwa jirani na jamaa: msimtenge mgonjwa wa bega. Kifua kikuu kilicho mfupani peke yake hakiambukizi kwa kukaa pamoja, wala kwa sahani, wala kwa kushikana mikono. Kinachoambukiza ni kikohozi cha mapafu yenye ugonjwa. Kwa hiyo kifua chake kipimwe, na wale wa nyumba moja naye wapimwe, hasa watoto wadogo. Huenda yule aliyempa ugonjwa bado yumo nyumbani, akikohoa pembeni ya moto, na wote wamwita mzee wa kikohozi. Madirisha yafunguliwe mchana. Watoto wachanga wapelekwe kuchanjwa BCG, chanjo iliyopewa mtoto kwa mara ya kwanza mjini Paris mwaka 1921. Huwakinga hasa na namna zile mbaya za utotoni.

Na ninyi wenye ng'ombe, sikilizeni. Iko jamaa ya kijidudu hiki iishiyo katika ng'ombe, nayo huingia kwa mtu katika maziwa mabichi. Kwa hesabu ya ulimwengu wagonjwa wake ni wachache, lakini ikimwingia mtu hupenda kukaa nje ya mapafu: katika tezi, tumbo na mifupa. Dawa yake ni sufuria na moto. Maziwa yachemshwe mpaka yafoke, ndipo yanywewe au yagandishwe. Najua ya kuwa wazee wengine husema maziwa yaliyochemshwa hayana utamu. Nami nawajibu kwa adabu: utamu wa siku moja haulipi mkono wa miaka.

Mwaka 2023 peke yake, kwa hesabu ya Shirika la Afya la Ulimwengu, watu yapata milioni 10.8 waliugua kifua kikuu duniani, na milioni 1.25 walikufa. Watu hao walikufa kwa ugonjwa wenye dawa. Wengi wa wanaokufa hawakufa kwa kukosekana dawa ulimwenguni, bali kwa kuchelewa kuifikia. Na kuchelewa kuna baba zake: umbali, umaskini, aibu, na maneno yasiyo kweli. Hili la mwisho ndilo linalotuhusu sisi wenye kalamu.

Nanyi walimu na viongozi mwandikao barua za wagonjwa, nawaomba neno moja. Msiandike sababu, andikeni mliyoyaona na mliyoambiwa. Mimi niliandika "ameteguka kwa mzigo." Nilijuaje? Magunia niliyaona, na bega nililiona, nikayafunga pamoja kwa kamba ya dhana. Tangu siku ile, kila mgonjwa ajaye kwangu kwa maumivu yasiyopona namwuliza maswali manne ya yule mama mwuguzi: Ulianza lini? Usiku huwaje? Umekonda? Nyumbani yuko aliyekohoa? Nayaandika majibu kama alivyosema, nisitie langu. Ni mistari minne tu, na karatasi haijai. Lakini mganga aliye mbali akiisoma, ni kana kwamba ameketi na mtu huyo jioni nzima.

Nanyi wagonjwa, msingoje barua. Mficha maradhi, kifo humfichua. Bega likipita majuma matatu au manne haliponi, nenda, ukipewa dawa ya maumivu na maumivu yakarudi, nenda tena, useme, "Nilikwisha kuja, sijapona, naomba nichunguzwe." Kusema hivyo si utovu wa adabu.

Mwisho niwape habari za kaka yangu, maana najua mtaniuliza. Alipigwa picha, akachukuliwa kipande cha utando, ikaonekana ni kifua kikuu. Akanywa dawa miezi 12 bila kukosa siku. Shemeji alikuwa akiweka alama katika kalenda iliyotundikwa mlangoni, na zile alama bado zipo. Jasho limekwisha, usiku alala, na mkanda umerudi tundu lake la zamani. Ugonjwa umekwisha. Lakini kiungo kilikuwa kimekwisha kuliwa, na kilicholiwa hakikurudi. Mkono wake wa kuume hauinuki kupita bega. Apalilia kwa jembe kwa kuinama sana. Kupandisha gunia kichwani hawezi tena, na watoto wake ndio wampandishiao mwenyeji wao mizigo.

Siku moja nilimwomba radhi kwa barua ile. Akaniambia, "Mdogo wangu, hata mimi nilidhani ni magunia. Wewe uliandika tu tuliyodhani sote." Aliniambia hivyo kwa wema. Lakini mimi nikimwona akichukua kikombe kilicho juu ya rafu kwa mkono wa kushoto, nakumbuka ya kuwa mganga alituambia wazi: angalikuja mwezi wa tatu, huenda mkono ungalirudi karibu kama wa kwanza.

Basi ndugu zangu, mkirudi makwenu jioni hii, tazameni mabega ya watu wenu. Mkiona shati linaloanguka upande mmoja, ulizeni.

Nami hapa nakoma.